Kamba ya kushoto ilishasema

Kosa lilifanyika Berlin mwezi Mei 1887, na halikuwa kosa la koleo. Kisa cha koo la Frederick, mrithi wa ufalme wa Prussia, mnakijua: sauti iliyokwaruza tangu Januari, madaktari wa Kijerumani na mwenzao Mwingereza wakitupiana lawama, siku 99 za utawala, kifo Juni 1888. Hadi leo watu wanabishana kama Mwingereza huyo, Morell Mackenzie, alinyofoa kipande cha nyama mahali sahihi. Gerhardt, mmoja wa Wajerumani hao, alidai koleo liling'ata kamba ya sauti ya kulia iliyokuwa nzima, Mackenzie akakana. Katika hilo nampa Mackenzie ushindi bila ubishi, maana hata kama kila kipande kilitoka penye uvimbe wenyewe, uamuzi uliofuata ulikuwa mbovu. Alipewa jibu kwamba kipande hakina saratani, akalichukua kuwa koo halina saratani, na upasuaji ambao daktari mpasuaji Bergmann alikwisha kuupanga ukafutwa.

Tazama kilichokuwa mbele yao siku zile. Mgonjwa ana miaka 55 na ni mvutaji wa kiko. Kivimbe kiko kwenye kamba ya kushoto. Gerhardt amekichoma kwa waya wa umeme mara kwa mara, kikarudi. Mgonjwa amepelekwa mji wa Ems kupumzisha koo, na aliporejea katikati ya Mei uvimbe umekua, umefanya kidonda, na kamba ya kushoto inasogea kwa uzito kuliko ya kulia. Hilo la mwisho lilitosha kunyima usingizi baraza zima la madaktari. Sugu ya waimbaji na polipu huharibu sauti lakini haviushiki msuli. Kamba huendelea kufunga na kufunguka hata mgonjwa akiwa hana sauti kabisa. Kamba ikianza kuburuta, kuna kitu kimeshuka chini ya utando, kimeingia kwenye msuli, au kimekamata kiungo cha gegedu kule nyuma, au kimegusa neva. Ndiyo maana leo tunapopanga hatua za saratani ya kamba za sauti hatutangulizi rula. Tunauliza kamba inatembeaje: ikizubaa ni T2, ikigoma kabisa ni angalau T3. Wao hawakuwa na herufi hizo, ila dalili walikuwa nayo, tena imeonekana kwa kioo cha koo, na Mackenzie alikuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa kioo Ulaya nzima.

Kipande chenyewe kilikuwa na uzito gani? Koleo lililopitishwa mdomoni, mgonjwa akiwa macho, mkono ukifuata taswira iliyogeuka kiooni, huleta nyama ya juu. Chembe ya kwanza ilikuwa ndogo mno hata mpatholojia Virchow akaomba kubwa zaidi. Mwezi Juni akaandika kwamba anachokiona ni utando ulionenepa, akaongeza kwa uangalifu wa fundi anayeijua mipaka ya kazi yake kwamba hawezi kwa vipande vile kuutolea hukumu ugonjwa mzima. Onyo hilo liliandikwa, likasomwa, likapitwa. Wapo wapatholojia wa zama zetu wanaoona kwamba ilikuwa saratani yenye sura ya chunjua, ile ambayo tabaka zake za juu hufanana mno na nyama njema na uovu wake uko chini, inakosukuma kuelekea kwenye gegedu. Anayekwangua ganda la muhogo hawezi kuapa kwamba ndani haujaoza. Vipande vilivyofuata vikajibu vilevile, na kila "hapana" ikarundikwa juu ya mwenzake, kana kwamba "hapana" nyingi za juu juu zinaweza kuizidi dalili moja itokayo ndani.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Manuel García. Hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa uimbaji, na mwaka 1854 alitumia kioo na mwanga wa jua kuziangalia kamba zake mwenyewe. Alichokitafuta ni mwendo: zinavyokutana, zinavyotengana, zinavyotetemeka. Daktari Czermak akakitia kioo hicho mikononi mwa madaktari, na Mackenzie alijifunza kwa Czermak. Mrithi wa jicho hilo alipaswa kuliamini.

Utetezi wa kwanza wa Mackenzie nauheshimu. Mackenzie alisema asipasuliwe mtu kabla hadubini haijathibitisha, na hiyo ndiyo sheria yetu hata leo. Sawa, lakini sheria hiyo huzuia kisu tu. Haimruhusu daktari kufunga jalada. Utetezi wa pili ni kwamba kupasua zoloto wakati ule kulikuwa kucheza na mauti. Ni kweli, na mgonjwa angeweza kufia mezani. Hata hivyo, katika miaka ya 1890 madaktari Butlin na Semon, kule kule London, walionyesha kwamba kupasua zoloto kwa mbele na kutoa kamba yenye uvimbe mdogo huponya, iwapo mgonjwa amefika mapema. Mei ilikuwa mapema. Novemba, mgonjwa akiwa San Remo, uvimbe mpya ulipochomoza chini ya kamba na Mackenzie mwenyewe akakubali kuwa ni saratani, haikuwa mapema tena. Katikati ya miezi hiyo kulikuwa na sherehe za Malkia Victoria, hewa ya Scotland, na cheo cha heshima kwa daktari.

Nimeandika hapa mara nyingi kuhusu sauti ya kukwaruza, na sitachoka. Mtu mzima ambaye sauti imekwaruza wiki nne anapaswa kuangaliwa kamba zake, si kuongezewa dozi nyingine ya antibiotiki na maji ya chumvi ya kusukutua. Mtoto aliyepoteza sauti taratibu kisha akaanza kukoroma anapovuta pumzi asitibiwe pumu mwaka mzima bila mtu kuchungulia zoloto, maana chunjua za virusi vya papiloma huziba njia ya hewa hivyo hivyo. Na kamera ikishapita, jibu la maabara lirudi kwa mtu aliyeziona kamba zikisogea. Fomu nyingi za maabara huandikwa "sauti kukwaruza, tafadhali chunguza" na basi. Andika upande, andika kamba inavyotembea, andika koleo lilishuka hadi wapi. Mpatholojia anayejua kwamba kamba ya kushoto imezubaa, akiona utando mnene tu, atakata vipande zaidi vya ile nyama, na asiporidhika atainua simu kuomba nyingine ya ndani zaidi.