"Diski Ghafi": Istilahi Inayopotosha

Makala haya yanahusu istilahi moja ndogo iliyozoeleka vinywani mwa wanafunzi wetu hapa Likasi, nayo ni "diski ghafi". Wanafunzi hawa husoma elimu ya kompyuta kwa Kifaransa. Wanapotakiwa kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili, neno "brut" huligeuza "ghafi", na kazi ikaonekana imekwisha. Tunadai kwamba haijakwisha.

Kwanza tukiangalie kitu chenyewe. Dennis Ritchie na Ken Thompson, katika makala yao ya mwaka 1974 kuhusu mfumo endeshi wa Unix, walieleza kwamba kila kifaa huwakilishwa na angalau faili maalumu moja katika saraka iitwayo /dev. Programu hulisoma na kuliandika kama faili la kawaida, lakini kinachoitikia ni kifaa. Katika matoleo ya miaka ile diski moja ilikuwa na mafaili mawili ya namna hiyo, kwa mfano /dev/rk0 na /dev/rrk0. Kwa faili la kwanza, data zilipitia katika akiba iliyotunzwa na kiini cha mfumo. Kwa la pili, lile lenye r ya ziada, data zilitoka katika diski zikaingia moja kwa moja katika kumbukumbu ya programu, kwa vipande kamili vya baiti 512. Diski ni ile ile na baiti ni zile zile. Kilichotofautiana ni njia.

Hapo ndipo kosa linapoonekana. "Ghafi" ni sifa ya kitu. Mtu wa Likasi akisikia "mali ghafi" huona jiwe la shaba kabla halijachenjuliwa Shituru, yaani kitu ambacho bado hakijafanyiwa kazi. Mwanafunzi mmoja alipoulizwa diski ghafi ni nini, alijibu bila kusita kwamba ni diski isiyoandikwa kitu. Kwa mantiki ya lugha alijibu sawasawa. Kwa mantiki ya mashine, jibu hilo ni la hatari. Mwenye idhini ya kuandika kupitia faili hilo huandika juu ya mafaili ya watu wote, na ruhusa za mafaili hayo hazimzuii, kwani hapo mfumo hauoni mafaili bali vipande vyenye namba tu. Alama za mitihani za mwaka mzima zaweza kupotea kwa amri moja. (Hatulikatai neno lenyewe: "data ghafi" za mtafiti wa lahaja ni istilahi nzuri.)

"Faili la herufi", tafsiri sisisi nyingine, ni mbaya zaidi. Unix huyagawa mafaili maalumu kuwa ya vipande na ya herufi, na faili la r huwekwa kundi la pili, ingawa diski haisomwi herufi moja moja kupitia faili hilo. Jina la asili lilikuwa na walakini, nasi tumelitafsiri pamoja na walakini wake.

Tunapendekeza "faili la kifaa" badala ya "faili maalumu", na "faili la kifaa la moja kwa moja" kwa lile lenye r. Ni refu, tunakiri, na atakayepata fupi zaidi tutamshukuru. Wala mjadala huu si wa mitambo iliyokufa: Linux iliondoa /dev/raw mwaka 2021, lakini katika kompyuta za Apple /dev/disk0 na /dev/rdisk0 zingali bega kwa bega.