Kidole na Kioo

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, lakini yafaa pia kwa vyombo vidogo vya michezo vinavyoshikwa mkononi. Mchezaji amwonapo mtu wa picha akikimbia na kuruka sawasawa juu ya kioo, hudhani kuwa mambo hayo yametokea yenyewe. Sivyo. Kila mruko una vipimo vyake, na kila kitufe kina sababu ya kuwekwa mahali kilipo. Nia ya insha hii ni kupima kazi ya mafundi wa vyombo hivyo, na hasa kujibu swali moja: chombo kibadilikapo, je, mchezo wapaswa kubaki kama ulivyokuwa, au wapaswa kubadilika pamoja nacho?

Yawezekana msomaji akauliza kama jambo la mchezo lastahili uhakiki. Lastahili. Kazi yoyote ya mikono na akili ya binadamu, iwe shairi, nyumba au jahazi, yaweza kufanywa vizuri au vibaya. Na palipo na uzuri na ubaya, pana haja ya kupambanua. Tena, simu yenye kioo cha kugusa imeingia katika nyumba nyingi za Kenya, na vijana wengi hukutana na michezo hii humo kabla ya kukutana nayo mahali pengine popote. Mtu asiyeweza kueleza kwa nini kitu kimempendeza au kimemchukiza hutawaliwa na kitu hicho. Awezaye kueleza hukitawala.

Aina ya mchezo tutakayoitazama huitwa mchezo wa majukwaa. Ndani yake yumo mtu mmoja wa picha, na mbele yake yako majukwaa, mashimo na maadui. Kazi ya mchezaji ni kumvusha mtu huyo kutoka jukwaa hadi jukwaa bila ya kuanguka. Kielelezo mashuhuri cha aina hii ni Super Mario Bros., mchezo uliotolewa mwaka 1985 na kampuni ya Nintendo ya Japani chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto. Sifa yake kubwa haikuwa picha, bali mruko. Kitufe kikibonyezwa kidogo, Mario huruka kidogo. Kikishikiliwa, huruka juu zaidi. Na akiwa hewani bado mchezaji aweza kumsukuma mbele au kumvuta nyuma. Kidole kilipewa uwezo wa kusema mengi kwa tendo dogo. Mchezaji aangukapo shimoni hujua kuwa kosa ni lake, wala si la mashine, na kwa sababu hiyo hurudia bila ya kinyongo. Hii ndiyo haki ya mchezo wa majukwaa. Haki hiyo ikiondoka, hakuna rangi wala muziki uwezao kuziba pengo lake.

Haki hiyo ilisimama juu ya kitufe. Mwaka 1980 Gunpei Yokoi, fundi wa Nintendo, alianza kutoa vyombo vidogo vya mfukoni vilivyoitwa Game & Watch, ambavyo vilikuwa saa na mchezo kwa pamoja. Katika chombo cha mwaka 1982, kilichokuwa na mchezo wa Donkey Kong, aliweka kitufe chenye umbo la msalaba. Kidole gumba kilitua katikati ya msalaba huo, kikapapasa pande zake nne bila ya msaada wa jicho, na jicho likaachwa huru kuangalia hatari. Ndivyo afanyavyo mpiga udi katika taarabu: vidole vyake huzijua nyuzi, na macho yake huwaelekea wasikilizaji. Uvumbuzi ule ulikuwa mdogo kwa umbo, lakini vyombo vingi vya michezo vilivyofuata viliuiga.

Fundi huyo huyo na wenzake walitoa Game Boy mwaka 1989. Yokoi alishika itikadi moja: ufundi uliokwisha kuzoeleka, ambao bei yake imeshuka na tabia zake zinajulikana, waweza kuzaa kitu kipya ukitumiwa kwa njia isiyotazamiwa. Game Boy haikuwa na rangi, ila vivuli vinne tu. Kioo chake hakikuwa na taa, na mchezaji alilazimika kutafuta mwangaza. Lakini betri nne ndogo ziliiendesha kwa zaidi ya saa 10. Washindani wake, Atari Lynx ya mwaka 1989 na Sega Game Gear ya mwaka 1990, walikuwa na rangi na taa, kisha wakameza betri sita kwa muda wa saa chache tu. Mshika mbili moja humponyoka. Walitaka fahari ya picha na uhuru wa safari kwa mara moja, na uhuru wa safari ukawaponyoka. Game Boy, ikihesabiwa pamoja na Game Boy Color iliyofuata, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Tusiridhike kusema kwamba chombo rahisi kilishinda. La kutazama zaidi ni namna mchezo wenyewe ulivyokubali hali ya chombo. Super Mario Land, mchezo wa mwaka 1989 uliotengenezwa kwa ajili ya Game Boy, ulimchora Mario mdogo sana ili kioo kile chembamba kipate nafasi ya kuonyesha shimo lililo mbele yake. Nyuma yake mafundi waliacha weupe mwingi, ili macho yasichanganyikiwe. Hawakujaribu kuubana mchezo wa runinga ndani ya kiganja. Waliukata upya kwa kipimo cha kiganja, kama mshonaji akatavyo nguo kwa kipimo cha mvaaji.

Mafunzo hayo yalitiwa mtihanini kioo cha kugusa kilipokuja. Mwaka 2004 Nintendo ilitoa chombo kilichoitwa DS, chenye vioo viwili, na cha chini kilihisi mguso. Mmoja wa michezo yake ya kwanza ulikuwa Super Mario 64 DS. Mchezo wa asili, wa mwaka 1996, ulichezwa kwa kijiti kilichomwezesha Mario kunyata, kutembea au kukimbia kila upande. DS haikuwa na kijiti hicho. Basi mchezaji alipewa hiari mbili: atumie kitufe cha msalaba, ambacho hakina unyenyekevu wa kijiti, au ateleze kidole gumba juu ya kioo kana kwamba kijiti kipo. Lakini kijiti humrudishia mtu nguvu. Kikisukumwa husukuma, kikiachwa hurudi katikati. Kioo hakirudishi kitu. Kidole hakijui katikati ni wapi wala mwisho ni wapi. Mchezo ule una mambo mengi mazuri, lakini katika jambo hili ulikuwa mgeni aliyevaa viatu vya mwenyeji.

Kosa lile lilienea zaidi baada ya simu ya iPhone kutokea mwaka 2007 na duka lake la programu kufunguliwa mwaka 2008. Michezo mingi ya zamani ilihamishiwa katika simu kwa njia nyepesi: msalaba na vitufe vilichorwa chini ya kioo, na mchezaji akaambiwa abonyeze picha. Ubaya wa njia hiyo una sehemu tatu. Kwanza, picha ya kitufe haina ukingo, na kidole kikihama kidogo hakuna kinachokionya. Pili, kidole chenyewe hufunika sehemu ya mchezo, na huenda adui amejificha chini ya gumba. Tatu, jicho lililoachwa huru tangu mwaka 1982 huitwa tena kuchunga mkono. Mchezaji akianguka shimoni hajui kama amekosea kipimo au kidole kimepotea njia. Ile haki tuliyoitaja imevunjika.

Walikuwako mafundi walioona kuwa dawa si kuchora kitufe kizuri zaidi, bali ni kuacha kukihitaji. Mmarekani Adam Saltsman alitoa Canabalt mwaka 2009. Mtu mmoja anakimbia juu ya mapaa ya mji unaobomoka, na mbio zake hazizuiliki wala hazipungui kwa amri ya mchezaji. Mchezaji ana tendo moja tu: aguse kioo popote, mtu aruke. Kwa kuwa pa kugusa ni popote, kidole hakiwezi kupotea. Tena pana hila nzuri ndani yake. Mtu akijikwaa kwenye sanduku mwendo wake hupungua. Na kwa sababu mwendo ukizidi mno mruko huwa mgumu, mchezaji mwerevu hujikwaa kwa makusudi. Kwa njia hii fundi aliyeondoa breki alirudisha breki kwa mlango mwingine.

Nintendo yenyewe ilifuata njia hiyo katika Super Mario Run, mchezo wa simu wa mwaka 2016. Humo Mario hukimbia mwenyewe na kuvuka vizuizi vidogo mwenyewe, na mchezaji hugusa ili aruke. Mguso mrefu huleta mruko mrefu, kama zamani. Mchezo waweza kuchezwa kwa mkono mmoja, na hilo ni jambo la busara, maana simu hushikwa hivyo. Lakini tazama kwa makini yaliyowekwa njiani. Yako matofali maalumu ambayo Mario akiyakanyaga husimama mpaka aguswe tena. Liko povu linalomrudisha nyuma, na mchezaji aweza kuliita kwa hiari yake. Kwa nini mafundi waliongeza mambo haya? Kwa sababu walijua wamenyang'anya kitu. Katika mchezo wa mwaka 1985 mtu aliweza kusimama ukingoni, akangoja adui apite, akarudi hatua mbili apate nafasi ya kukimbia. Kusimama na kungoja kulikuwa sehemu ya akili ya mchezo. Matofali na povu ni fidia kwa mchezaji. Fidia njema, lakini fidia si mali yote iliyopotea. Aibu nyingine ni kwamba mchezo huo ulipotoka ulidai intaneti wakati wote. Chombo cha kusafiria kikafungwa kamba gatini.

Hapa ndipo wahakiki hutofautiana. Wako wasemao kuwa mchezo usiomruhusu mtu kusimama si mchezo wa majukwaa, bali ni mtihani wa wepesi wa kidole. Neno hili lina ukweli, ila limepita kiasi. Mwenye kukimbizwa naye ana maamuzi, nayo ni magumu kwa sababu ya kukimbizwa. Hata hivyo, ni kweli kwamba Canabalt na Super Mario Run zilipata uaminifu wa mkono kwa kupunguza uhuru wa akili. Je, hapakuwa na njia ya kupata uaminifu bila ya kupunguza?

Njia ilikuwapo, na ilionekana mapema. Mwaka 2005 kampuni ya HAL Laboratory ya Japani ilitengeneza Kirby: Canvas Curse kwa ajili ya DS. Shujaa wake amerogwa akawa mpira usio na miguu. Mchezaji haendeshi chochote kwa kitufe. Hushika kijiti mfano wa kalamu na kuchora mistari ya rangi juu ya kioo, na mpira huviringika juu ya mistari hiyo. Penye shimo huchora daraja. Penye ukuta huchora mlima. Adui akirusha risasi, mstari huwa ngao. Wino hupungua kila uchorapo, kisha hujaa tena, kwa hiyo uchoyo na ubadhirifu vyote vina adhabu yake. Michezo mingine ilimpa mtu majukwaa ayaruke. Huu ulimwambia ayajenge. Kioo hakikuulizwa kwa nini si kitufe. Kiliulizwa chaweza nini ambacho kitufe hakiwezi. Kwa kipimo cha insha hii, huo ndio ushindi mkubwa kuliko ule wa Super Mario Run, ingawa jina la Mario ndilo lililovuma zaidi.

Yuko atakayepinga kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Atasema kuwa vijana wengi hushinda michezo migumu kwa vitufe vya kuchorwa, na kwamba malalamiko ni ya wavivu. Sifa za vijana hao ni haki yao. Lakini methali ile huambiwa mkulima, haiambiwi mhunzi. Mkulima hodari aweza kulima kwa jembe baya, na uhodari wake haulifanyi jembe kuwa zuri. Anayehakikiwa hapa ni mhunzi.

Miaka iliyofuata imetoa hukumu ya kadiri. Nintendo Switch, iliyotoka mwaka 2017, ina kioo kinachohisi mguso, lakini Super Mario Odyssey ya mwaka huo huo ilitegemea vijiti na vitufe vya kushikika. Kitufe hakikufa, na kioo hakikushindwa. Kila kimoja kimeonyesha kazi kinayoiweza, na fundi mwenye busara hakipi kimoja kazi ya mwenzake.

Basi msomaji kijana, ushikapo mchezo wowote, jiulize maswali matatu. Nikianguka, je, najua kwa nini nimeanguka? Chombo hiki kimeombwa kifanye kinachokiweza, au kimelazimishwa kuiga kingine? Na kama fundi amenipunguzia uhuru fulani, amenilipa nini badala yake? Ukishazoea kuyauliza mbele ya mchezo, utajikuta ukiyauliza mbele ya kitabu kilichogeuzwa filamu, na mbele ya kila kazi iliyohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine.