Kitaru Anapokataa Kuigiza: Sanaa na Tafakuri katika Mashetani ya Ebrahim Hussein

Tasnifu nyingi za Kiswahili zinazohakiki tamthiliya huorodhesha dhamira, kisha vipengele vya fani. Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein nayo imesomwa hivyo: ukoloni mamboleo, matabaka, uhuru. Orodha hiyo si ya uongo, lakini inaupita mgogoro uliowekwa katikati ya kazi: wanafunzi wawili wa chuo kikuu wanahitilafiana juu ya namna ya kujifunza kutokana na sanaa waliyoitenda wenyewe.

Juma na Kitaru wanaigiza mchezo wa Shetani na Binadamu, Kitaru akiwa Binadamu. Kwa Juma ni mchezo, na unaweza kurudiwa. Kitaru anakataa kuurudia mpaka auelewe. Kuigiza hakujamfundisha kitu bado. Kumempa swali tu, na tafakuri yake inaanzia kwenye kukataa huko. Swali lenyewe haliwaangukii wawili hawa kwa uzito mmoja. Familia ya Juma imepoteza mali na hadhi. Ya Kitaru inapanda. Kuuliza shetani ni nani, basi, ni kuuliza pia nani amepata na nani amenyang'anywa, na urafiki wao haubaki salama. Wazazi wa Kitaru wanauona ugonjwa mahali ambapo mwana wao anafikiri, hata daktari wa akili anahusishwa. Naona hapa ndipo Hussein alipo mkali kuliko wananadharia wanaoielezea tafakuri kana kwamba ni zoezi la kumtuliza mwanafunzi.

Jambo jingine ni mahali. Tafakuri nzito ya tamthiliya hii haifanyiki darasani bali nyumbani na penye ulevi. Ikumbukwe kuwa chuo kikuu chenyewe kilianzia Ilala, mwaka 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka Kariakoo, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Sidai kwamba jiografia inaeleza tamthiliya. Ila msomaji wa Ilala huelewa upesi maana ya elimu kupanda kilimani huku nyumba za wanafunzi zikibaki bondeni.

Mwanafunzi wa leo anayeuza vitambaa Kariakoo mchana na kuhudhuria semina jioni akipewa onyesho la Mashetani aliigize, kwa kawaida atapimwa sauti, miondoko na maleba. Napendekeza aulizwe pia: ni wapi ungekataa kuendelea, na kwa nini? Mtahini anaweza kupinga kwamba jibu la namna hiyo halipimiki. Pingamizi hilo ni jepesi, kwa kuwa hoja hupimwa kila siku. Zito zaidi ni kwamba chuo hakina haki ya kuifanya nyumba ya mtu kuwa karatasi ya mtihani, na yaliyompata Kitaru yanalipa pingamizi hili nguvu. Kwa hiyo alama zitolewe kwa jinsi mwanafunzi anavyoifunga hoja yake kwenye matini: tendo gani jukwaani, kauli ipi, ukimya upi uliomsimamisha. Akiamua kunyamaza kuhusu kwao, asipunguziwe hata alama moja.