Triathloni Baada ya Miaka Arobaini: Babati Tuna Theluthi Mbili Tayari

Natoa hukumu kabla pumzi haijatulia: sijawahi kugusa mchezo mtamu kama triathloni, na mtu wa makamo anayeishi Babati hana sababu ya kuuogopa. Unaogelea, unapanda baiskeli, unakimbia, yote kwa mfululizo, na saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Ile ya Olimpiki, iliyoingia kwenye michezo hiyo Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 za maji, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio. Mimi nimeanza na fupi, nusu ya hiyo: mita 750, kilomita 20, kilomita 5. Nusu tu, jamani, na tayari silali vizuri kwa kuisubiri asubuhi!

Niseme baiskeli kwanza, maana hapo ndipo mji wetu unapotisha. Toka alfajiri, kabla mabasi ya Arusha hayajaanza kukimbizana, ushike lami ya kuelekea Magugu. Babati iko juu, mita kama 1,350 kutoka usawa wa bahari. Magugu iko chini bondeni, kwenye mashamba ya mpunga. Kwa hiyo kwenda ni kuteremka, Mlima Kwaraa mkono wa kulia, upepo unapiga masikio, na baiskeli yangu ya mtumba yenye tairi nyembamba inaimba. Nikifika kilomita ya kumi nageuza, na hapo ndipo kazi inapoanza. Kurudi ni kupanda. Unashusha gia, unatulia kwenye kiti, unazungusha pedali kwa mwendo mmoja bila kushindana na mtu, na ghafla unagundua mapaja ya miaka arobaini na kitu bado yana nguvu ambayo hukuwahi kuyaomba. Nimeipenda njia hii kupita kiasi.

Ukitaka nyingine, ipo ya Dodoma, kilomita 251 za lami iliyozinduliwa rasmi mwaka 2018. Ipo pia ya Singida kupitia Dareda, ukuta wa Bonde la Ufa ukikusimamia pembeni. Miji mingapi yenye lami tatu za namna hii, kila moja na sura yake? Ila malori ni malori: kofia ngumu kichwani, kizibao kinachong'aa kama cha bodaboda, na ukisikia honi nyuma kaa kushoto kabisa.

Halafu unashuka baiskeli na kuanza kukimbia, na hapa hakuna maelezo yanayomwandaa mtu. Dakika za mwanzo miguu si yako. Mapaja yanataka kuendelea kuzungusha pedali ambazo hazipo, nyayo zinaigonga ardhi kwa uzito wa ajabu. Usiongeze kasi. Piga hatua fupi fupi, legeza mabega, na miguu itarudi yenyewe. Inaporudi, raha yake siwezi kuilinganisha na kitu.

Na kukimbia hapa mkoani kwetu Manyara si jambo la kushangaza mtu. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia, goti limefungwa bandeji. Gidamis Shahanga wa Katesh alileta dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kutoka Edmonton mwaka 1978. Juzi tu, mwaka 2023, Gabriel Geay alikuwa wa pili Boston. Ndiyo maana mama mtu mzima akipita jasho likimtiririka, vijana wa bodaboda pale stendi hawamcheki. "Kaza, mama! Kaza!" Nami nakaza.

Limebaki la maji. Ziwa Babati lipo hapo hapo, zuri, linang'aa, na lina viboko. Nasema wazi: usiogelee humo, hata kama wavuvi wanapita na mitumbwi yao. Mimi hupanda basi hadi Arusha, kilomita kama 170, kwenye bwawa la kuogelea lenye kocha. Kijana huyo ana umri wa mwanangu wa kwanza. Ananiita mama, namwita mwalimu. Somo lake kuu lilikuwa moja: "Mama, toa pumzi ukiwa ndani ya maji." Nilikuwa nadhani kuogelea ni mikono. Kumbe ni pumzi! Ukiitoa polepole uso ukiwa majini, kifua kinalegea, miguu inapanda yenyewe, na mwili unateleza. Siku mwili wangu ulipoteleza hivyo kwa mara ya kwanza nilitoka bwawani nikicheka peke yangu.

Kwa umri wetu huu mchezo una hekima yake. Maji na baiskeli havigongi magoti, kwa hiyo moyo na mapafu vinafanya kazi huku viungo vikipumzika. Mtawa wa Marekani, Madonna Buder, alianza triathloni akiwa na miaka 52. Mwaka 2012, akiwa na 82, alimaliza Ironman, yaani kilomita 3.8 za maji, 180 za baiskeli na marathoni nzima juu yake. Wala si mambo ya mbali: Agosti 2022 majirani zetu wa Rwanda waliandaa Ironman 70.3, yaani nusu ya hiyo, pale Rubavu, watu wakaogelea Ziwa Kivu. Ndoto yangu iko huko.

Kwa sasa triathloni yangu imekatwa vipande viwili, maji Arusha Jumamosi, baiskeli na mbio Babati Jumapili. Lami tunayo, milima tunayo, uwanja wa Tanzanite Kwaraa wa kumalizia mbio tunao. Kilichokosekana kwangu ni maji salama karibu na nyumbani. Bwawa la mita 25 linatosha. Ukilivuka mara 30 umemaliza mita 750. Wenye hoteli, wenye shule, nanyi madiwani wetu: tujengeeni bwawa la kufundishia watu wazima na watoto kuogelea. Nami naahidi kuwa wa kwanza kulipa kiingilio.