Zero Dark Thirty: moto tumeuona, mkia je?

Wengi tunaikumbuka filamu hii ya Kathryn Bigelow ya mwaka 2012 kwa dakika zake za mwisho: makomando wa Marekani wanavamia nyumba ya Osama bin Laden pale Abbottabad, Pakistani, usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2011. Helikopta moja inaanguka uani, na kabla ya kuondoka wanaitega vilipuzi na kuilipua. Kama burudani, sina neno. Giza, ukimya, pumzi za watu, vyote viko sawa. Tatizo langu liko kwenye sayansi, na hasa kwenye ule mlipuko.

Tuanze na kuanguka kwenyewe. Filamu haisimami kutueleza sababu, kwa hiyo ni rahisi kudhani rubani kaboronga tu. Maelezo yaliyotolewa baadaye yanavutia zaidi. Helikopta hupaa kwa kusukuma hewa chini. Ua wa nyumba ile ulizungukwa na kuta ndefu, sehemu nyingine zikifika kama mita 5.5, kwa hiyo hewa iliyosukumwa chini haikupata pa kutokea. Ikagonga ukuta, ikapanda, ikarudi juu ya mapanga. Yaani helikopta ikawa inazama ndani ya upepo wake yenyewe! Ongeza joto lililozidi makadirio: hewa ya joto ni nyepesi, haibebi vizuri. Kwenye mazoezi, uzio wa nje ulikuwa wa waya, na waya hupitisha upepo.

Sasa, kwa nini uilipue helikopta ambayo tayari imeshaharibika? Hapa ndipo filamu inatuacha njiani. Mwaka 1980 Wamarekani walishindwa operesheni yao ya kuokoa mateka Irani, wakaacha jangwani helikopta 5 ambazo hazikuungua. Irani ikazichukua. Somo lake ni kwamba kinacholindwa siyo chuma, ni maarifa: redio, mitambo ya siri, rangi ya bodi, umbo.

Na maarifa hayaungui yote kwa namna moja. Moto unamaliza kompyuta na nyaya. Umbo ni jambo lingine. Ndege ya kukwepa rada hutegemea sana jinsi pande zake zilivyokatwa ili kutawanya mawimbi ya rada, na kipande kimoja tu kikibaki kizima, mtaalamu anasoma mengi. Ndicho kilichotokea. Mkia ulikuwa umeangukia upande wa pili wa ukuta, ukanusurika. Asubuhi picha zikasambaa dunia nzima, na wachambuzi wakaanza kuhesabu: mapanga ya mkiani ni zaidi ya yale 4 ya Black Hawk ya kawaida, na katikati yamefunikwa kwa kifuniko kama sahani. Pakistani iliurudisha mkia Marekani baadaye mwezi huohuo, lakini picha hairudishwi.

Filamu haina asubuhi hiyo. Mlipuko unawaka, sisi tunapanda na makomando, mtaa unabaki nyuma. Mtazamaji anaondoka akiamini siri imeteketea. Ajabu ni kwamba filamu yenyewe ni ushahidi kuwa haikuteketea. Muundo wa helikopta zile haujawahi kutangazwa rasmi, ilibidi waandaaji wabuni zao, na mkia waliotuonyesha unafanana na ule wa kwenye picha. Kama kilipuzi kingefanya kazi yote, wangeuiga wapi?

Kwangu hili ni pengo kubwa kuliko kosa lolote la kiufundi. Dakika 1 tu ya ule mkia, jua likichomoza, majirani wakiushangaa na watoto wakiokota vipande, ingetosha kumwonyesha mtu kwamba kulipua kitu na kukifuta ni mambo mawili tofauti.

Itazameni, ni filamu nzuri. Ila moto ukiwaka, msiangalie moto. Angalieni ukuta.