Karata za Yugi na korosho za watoto wetu

Maswali yanayotufikia kutoka Newala na Masasi aghlabu huwa ni ya mirathi, ya talaka, na ya mikorosho iliyowekwa rehani huku mkopeshaji akila mavuno. La safari hii ni la aina nyingine. Mwalimu mmoja wa madrasa huko Newala amewakuta wanafunzi wake na karata walizozichora wenyewe juu ya vipande vya maboksi: majoka, mashujaa wenye panga, na nyota pembeni. Walipoulizwa wamezipata wapi, wakasema ni "za Yugi", katuni ya Kijapani wanayoiangalia kwenye kibanda cha video na kwenye simu za kaka zao. Mwalimu anauliza: je, hii ni shirki, na je, azichome?

Tumeambiwa pia kwamba huko Masasi jambo hili limeshafika juu ya mimbari, na hukumu ikatolewa kwa sentensi moja tu, kuwa hayo ni majini. Sisi hatukupenda kujibu kabla ya kuangalia. Wanazuoni wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tukakaa tukaangalia vipindi 6 vya mwanzo, katika lile toleo la Kiingereza ambalo watoto hao wanaliangalia, na haya ndiyo maoni yetu ya awali.

Katuni yenyewe inaitwa Yu-Gi-Oh!, jina ambalo kwa Kijapani lina maana ya mfalme wa michezo. Ilianza kama hadithi ya picha iliyochorwa na Kazuki Takahashi kuanzia mwaka 1996 hadi 2004. Mchoraji huyo alifariki mwaka 2022. Mfululizo tunaouzungumzia ulianza kuonyeshwa Japani mwezi Aprili 2000 ukamalizika 2004 ukiwa na vipindi 224, na toleo la Kiingereza likaanza Marekani Septemba 2001. Kampuni ya Konami ilikuwa imeanza kuuza karata za mchezo huo tangu 1999, na hadi Machi 2011 zilikwishauzwa karata zaidi ya bilioni 25. Anayeangalia ajue basi kwamba mbele yake pana hadithi na duka kwa pamoja.

Kipindi cha kwanza, tuseme kweli, ni kizuri. Mzee mwenye duka la michezo, babu yake Yugi, ana karata moja adimu ya joka jeupe lenye macho ya buluu. Kijana tajiri aitwaye Kaiba anaitaka. Anamfungulia mzee sanduku zima la karata ili wabadilishane, mzee anakataa, kwa sababu ile moja alipewa na rafiki yake mpenzi na kwake yeye ni sawa na rafiki mwenyewe. Kaiba anamshurutisha kucheza, anamshinda, anaichukua karata na kuichana mbele ya macho yake. Yeye tayari anazo 3 za aina hiyo. Ile ya 4 anaichana ili isije ikatumika dhidi yake. Tumekaa sana kwenye tukio hili. Kama tungetafuta mfano wa kumwonyesha kijana uchoyo ulivyo, jinsi mtu anavyotamani kitu si kwa ajili ya kukitumia bali ili mwenzake asiwe nacho, tusingepata ulio wazi zaidi. Na mtunzi hamsifii Kaiba hata kidogo. Yugi anashika karata za babu yake, anacheza naye, na kumshinda.

Shida inaanza baada ya hapo. Bwana mmoja aitwaye Pegasus, ndiye mwenye kuubuni mchezo huo katika hadithi, anaiteka roho ya babu na kumlazimisha Yugi aende kwenye mashindano kisiwani kwake. Rafiki yake Joey naye anakwenda, kwa sababu dada yake anapofuka macho na zawadi ya dola milioni 3 ndiyo itakayolipia matibabu. Sasa sikiliza kanuni ya kisiwa hicho. Kila mchezaji anaanza na nyota 2. Wanapokutana wawili, wanawekeana dau la nyota zao. Anayeshinda anachukua za mwenzake. Asiyebakiwa na nyota anafukuzwa. Anayefikisha 10 anaruhusiwa kuingia katika ngome.

Hii, kwa jina lake la kifiqhi, ni kamari. Haihitaji ijtihadi. Kila mmoja ametoa chake, na kila mmoja yuko baina ya kupata cha mwenzake na kupoteza cha kwake. Mafakihi walipozungumzia mashindano ya farasi na ya kulenga shabaha, ambayo Mtume (S.A.W.) ameyaruhusia zawadi, waliitenga sura hii hii: zawadi ikitolewa na kiongozi au mtu wa nje, inafaa, ikitolewa na mmoja wa wachezaji, inafaa, ikitolewa na wote wawili bila ya mtu wa tatu asiyetoa kitu, imekuwa kamari. Ikiwa hali ni hiyo katika farasi na mishale, ambavyo ni vyombo vya jihadi, itakuwaje katika karata?

Ajabu ni kwamba hadithi haimlaumu yeyote kwa jambo hili. Inamlaumu Weevil kwa kuzitupa baharini karata bora za Yugi. Inamlaumu Mai kwa kuzipaka karata zake manukato ili azitambue zikiwa zimefunikwa (na mavazi ya binti huyo ni sababu nyingine ya mzazi kuzima simu). Wizi ni aibu, hila ni aibu, lakini dau lenyewe ni heshima. Yugi akimgawia Joey nyota yake moja ili waende pamoja, tunafurahi kwa ukarimu wake, na tunasahau kwamba amempa mtaji wa kamari.

Yako mengine ya kusemwa juu ya urafiki katika katuni hii, na wapenzi wake huyasema sana. Lakini tujiulize, mtoto wa Newala anapata nini? Kiingereza chake ni cha darasa la 4. Maneno marefu ya urafiki na subira yanampita. Anachokishika ni kile ambacho jicho linaona: kelele, joka, mmoja anapiga magoti, na nyota zinatoka mkono huu kwenda mkono ule. Mafunzo mema yamo katika maneno, na dau limo katika picha.

Na mtoto huyu hakuanza kujifunza dau kwa Mjapani. Msimu wa korosho ukifika, pita nyuma ya nyumba yoyote kutoka Newala hadi Masasi. Watoto wamepanga korosho mstari, wanarusha kutoka mbali, aliyegonga amezoa. Wazee wanacheka, kwani nao walicheza hivyo hivyo. Lakini korosho si kokoto. Ni mali, ina mnunuzi ghalani, na huenda imeokotwa chini ya mkorosho wa baba bila ya yeye kujua. Kisha miezi hiyo hiyo ya fedha huja na mashine za kamari za sarafu, na kubeti mpira. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 imemkataza aliye chini ya miaka 18, lakini mtoto aliyezoea kuzoa korosho na nyota anangojea umri tu.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe ukiondolewa dau. Hapa wanazuoni wa Kishafi wana kipimo kinachofaa. Nardi imekatazwa kwa hadithi sahihi iliyopokewa na Muslim. Sataranji, madhehebu nyingine zimeiharamisha, na kwa Imam Shafi ni makuruhu maadamu hakuna dau na Sala haikupitwa na wakati. Imam Nawawi ameyaeleza hayo. Ibn Hajar al-Haytami, katika Tuhfa, akapambanua kwamba mchezo unaosimama juu ya hesabu na fikra hauharamiki, na unaosimama juu ya kubahatisha unaharamika. Mfano alioutoa wa upande wa hesabu ni manqala, vishimo vinavyohamishwa kete ndani yake. Ndilo bao letu hili linalochezwa chini ya miembe.

Karata za Yugi ziko katikati. Kuchagua karata zako na kuzipanga ni fikra. Kuichota ya juu baada ya kuchanganya ni bahati. Katika mashindano rasmi ya kampuni kuwekeana dau hakuruhusiwi, na mtoto anayecheza na nduguye bila ya kutoa kitu hatuwezi kumwita mcheza kamari. Lakini katuni yenyewe inafundisha kitu kingine: Yugi akibanwa, anaambiwa aamini moyo wa karata, anafumba macho, anachota, na karata anayoitaka inakuja. Inakuja kila mara. Anayetafuta kasoro ya itikadi aitafute hapa, kabla ya kwenye joka. Aya ya 90 ya Suratul Maida imeitaja kamari pamoja na mishale ya kupigia ramli, na tunaona ujirani wake katika tukio hili: karatasi inayotegemewa na moyo ili ikufungulie ya ghaibu.

Ama majini, tumeona mizuka, na mzuka wa mfalme wa kale unaoingia mwilini mwa Yugi kupitia fumbo la dhahabu. Mtoto aliyewahi kukimbizwa na mapiko ngomani hatatishwa sana na hayo. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na mwanasesere wa farasi mwenye mbawa, na Mtume (S.A.W.) alipoona alicheka, imepokewa na Abu Daud. Kinachotukera zaidi ni cha kihistoria: utangulizi unamtaja Firauni wa Misri kama mkombozi aliyeufungia uchawi. Mtoto anayesoma kisa cha Musa (A.S.) alasiri na kuangalia haya usiku ana haki ya kuelezwa na mwalimu wake.

Wapo watakaotukumbusha fatwa ya Saudi Arabia ya mwaka 2001 juu ya Pokémon, iliyotolewa upya 2016. Tunaijua. Miongoni mwa hoja zake ilikuwemo kamari, nayo ndiyo iliyo nzito. Lakini waliokuwa wakiinukuu huku kwetu waliishikilia ile ya alama na nyota za pembe 6, na ile ya kamari wakaiacha njiani.

Jibu letu kwa mwalimu wa Newala basi ni hili: asizichome. Awaulize wanafunzi wanazichezea nini. Wakisema hawachezei kitu, awawekee wakati usiogusa Sala wala darasa, na aifute ile imani ya moyo wa karata kwa maneno wanayoyaelewa. Wakisema wanachezea korosho, kila korosho irudi kwa mwenyewe, na kama imetoka shambani kwa baba, irudi kwa baba. Na imam wa Masasi tunamwomba kwa heshima akiipanda mimbari tena aizungumzie ile safu ya korosho nyuma ya nyumba.

Vipindi 218 vimebaki. Tumeelezwa kwamba mbele huko yako mashindano ya mji mzima ambapo anayeshindwa anamkabidhi mshindi karata yake iliyo adimu kuliko zote, ile ile aina ya karata ambayo babu alikataa kubadilishana kwa sanduku zima. Tukifika huko tutaandika.