Kivuli na Kimo: Ugumu wa Haki katika Michezo ya Mshazari ya Kompyuta za Nyumbani, Ukisomwa kutoka Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanarejelea michezo migumu ya vyombo vya angani iliyochorwa kwa mshazari na kuchezwa katika kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, hususan Zaxxon katika Commodore 64. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa michezo hiyo ni ugumu wa kusoma kabla ya kuwa ugumu wa mikono: mchoro huficha kimo cha chombo, na mchezaji hana budi kukirejesha kwa ishara. Kwa kutumia kigezo kilichochotwa katika kitendawili, makala yanatofautisha ugumu wa haki na ugumu wa hila. Hatimaye yanapendekeza kwamba kigezo hicho kitumike kupima zana za kidijitali zinazopelekwa kwa wanafunzi wa Nile Magharibi, ili kasoro ya mchoro isihesabiwe kuwa kasoro ya mtoto.

Istilahi za msingi: mshazari, kimo, kivuli, ugumu wa haki, kitendawili, Nile Magharibi

1. Utangulizi

Chombo kidogo kinaruka juu ya ngome iliyojengwa angani. Mbele yake uko ukuta wenye uwazi. Mchezaji anauona uwazi, anakiona chombo chake, na kwa macho yake viwili hivyo vimelingana. Anasonga mbele kwa imani na kuparamia matofali. Anajaribu tena, anaparamia tena. Hakuchelewa wala hakukosa shabaha. Alikosea kusoma.

Hilo ndilo tukio la msingi la Zaxxon, mchezo uliotolewa na Sega mwaka 1982 kwa mashine za sarafu, kisha ukahamishiwa katika kompyuta za nyumbani, ikiwemo Commodore 64. Leo michezo ya aina hiyo haihitaji kompyuta yenyewe. Programu inayoiga mashine ya zamani hutosha kuifufua katika simu ya kawaida, ile ile inayochajiwa kwa malipo madogo katika vibanda vya Arua au Koboko. Kwa hiyo kuirejelea si kazi ya wakusanyaji wa vitu vya kale pekee. Michezo hii ni maandishi yanayoweza kusomwa sasa, na inalo jambo la kutufundisha kuhusu picha, makosa na hukumu.

Makala yanachagua kuisoma kutoka Nile Magharibi kwa sababu mbili. Kwanza, huko dakika ya umeme ina bei. Mkoa huo uliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ukitegemea jenereta na, kuanzia mwaka 2012, mtambo mdogo wa maji wa Nyagak wenye uwezo wa megawati 3.5. Pili, mtoto wa huko hukutana na skrini akiwa kati ya lugha kadhaa: Kilugbara mjini Arua, Kikakwa huko Koboko, Kinubi na Kiarabu cha Juba sokoni, Kiswahili cha biashara ya mpakani na cha wakimbizi wa Kongo waliopo Lobule, na Kiingereza cha skrini yenyewe. Mahali pa namna hiyo, swali la nani alaumiwe kwa kosa haliwezi kubaki la kinadharia.

2. Mchoro unaoficha kipimo kimoja

Jina Zaxxon limechotwa katika istilahi ya jometri, aksonometriki, yaani uchoraji wa vitu vya pande tatu bila kuvipunguza ukubwa kadiri vinavyokwenda mbali. Mchoro wa isometriki ni tawi la uchoraji huo. Katika makala haya tunauita mchoro wa mshazari, kwa kuwa ndivyo macho yanavyouona: ardhi imelazwa upande na safari yote inakwenda kwa kiguu cha pembeni.

Mchoro huu una faida kubwa kwa mashine ndogo. Kwa kuwa kitu kilicho mbali hakipungui, kompyuta haihitaji kukikokotoa upya kila kinaposogea. Picha moja hutosha. Commodore 64 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 na kichakataji cha takribani megahezi 1. Kwa kompyuta kama hiyo, mshazari ulikuwa njia ya bei nafuu ya kuonyesha kina.

Gharama yake ililipwa na mchezaji. Skrini ina vipimo viwili, ilhali anga ya mchezo ina vitatu. Katika mchoro wa kawaida wa mtazamo, kupungua kwa ukubwa hutuambia kitu kiko mbali kiasi gani. Mshazari umeifuta ishara hiyo. Nukta moja ya skrini yaweza kuwa chombo kilicho chini na mbele, au kilicho juu na nyuma kidogo. Jicho peke yake haliwezi kuamua. Mchezaji anayeparamia ukuta amechagua jibu moja kati ya majibu mengi, yote yakiwa halali kwa mujibu wa picha.

Wabunifu walilijua tatizo hili, ndiyo maana waliweka fidia. Pembeni mwa skrini kuna kipimo cha kimo. Chini ya chombo kuna kivuli: kikikaribiana na chombo, chombo kiko chini, kikiachana nacho, kiko juu. Njia ya tatu wachezaji waliigundua wenyewe. Hufyatua risasi kuelekea ukutani na kutazama inapogonga, kisha hurekebisha kimo chao. Silaha imegeuka kuwa rula. Pia mafuta hupungua muda wote, na hupatikana kwa kulipua matangi yaliyo chini. Hivyo mwenye kuogopa ardhi, akibaki juu kwa usalama, hatimaye huishiwa. Mchezo unamlazimisha kushuka na kusoma.

3. Kigezo cha kitendawili

Tunawezaje kuhukumu ugumu wa namna hii? Mijadala mingi huishia katika ladha: huyu anapenda mchezo mgumu, yule hapendi. Utamaduni wa Kiswahili una kigezo bora zaidi. Anayetega kitendawili huficha jibu, lakini haruhusiwi kulificha kabisa. Aliyeshindwa hutoa mji, na jibu linapotajwa ndipo hukumu ya kweli hutolewa. Kama wasikilizaji wanaguna kwa kutambua kwamba dalili zilikuwemo tangu mwanzo, kitendawili ni chema. Kama jibu halikuweza kupatikana kwa dalili zilizotolewa, aliyetega amewapunja, na mji alioupokea si halali yake.

Kwa kigezo hiki, ugumu wa haki ni ule ambao mchezaji, baada ya kushindwa, anaweza kuiona ishara aliyoipuuza. Ugumu wa hila ni ule ambao ishara haikuwepo.

Sehemu ya ngome katika Zaxxon inafaulu mtihani huu. Anayeparamia ukuta kwa mara ya tano hutazama kivuli kwa mara ya kwanza, na papo hapo anaelewa vifo vinne vilivyotangulia. Mambo hubadilika anapotoka ngomeni na kuingia katika anga tupu. Hapo ardhi haipo, na pasipo ardhi hakuna kivuli. Adui wanakuja kwa vimo tofauti, na mchezo hutoa alama ya shabaha pale tu kimo cha mchezaji kinapolingana na cha adui. Ishara ipo, lakini ni hafifu na hufika kwa kuchelewa. Wako wanaoisifu sehemu hii kwa ukali wake; makala haya yanaiona kuwa sehemu dhaifu zaidi ya kazi nzima, kwa kuwa inamnyang'anya msomaji alfabeti ambayo imetoka kumfundisha.

Ulinganisho na Blue Max unaimarisha hoja. Mchezo huo wa Bob Polin, uliotolewa na Synapse mwaka 1983, unatumia mshazari uleule, ila unashuka kutoka angani na kumpa mchezaji ndege ya vita ya zamani. Ardhi iko chini muda wote, na kivuli hakimwachi rubani. Ili kupata mafuta sharti atue katika kiwanja, yaani akutanishe ndege na kivuli chake kwa utaratibu. Kutua, jambo ambalo michezo mingi ya ufyatuaji hailijali, hapa ni mtihani wa usomaji. Blue Max si mchezo rahisi, lakini haumtoi mchezaji mji bila kumwonyesha jibu.

Mashine nayo ina sehemu yake katika hukumu. ZX Spectrum iliruhusu rangi mbili tu katika kila kisanduku cha pikseli 8 kwa 8. Kitu kinachopita kwa mshazari hukata visanduku vingi, na rangi zake huchanganyikana na za mandhari. Ndiyo maana Knight Lore ya mwaka 1984, kazi mashuhuri ya mshazari katika kompyuta hiyo, ilichora kila chumba kwa rangi moja. Mbunifu alikubali kupoteza rangi ili kulinda usomekaji. Uamuzi huo ni wa kimaadili kadiri ulivyo wa kiufundi.

4. Bei ya kosa

Katika mashine za sarafu, ugumu ulikuwa biashara: kila kifo kilisogeza mkono mfukoni. Mchezo ulipohamia nyumbani, mnunuzi alikwisha kulipa, lakini ukali ulibaki kana kwamba bado kuna tundu la sarafu. Malipo yalibadilika yakawa muda. Kaseti ilichukua dakika kadhaa kupakia, na aliyeshindwa alirudi mwanzo wa safari.

Programu za kuiga mashine zimeondoa bei hiyo. Mchezaji wa leo anaweza kuhifadhi hali ya mchezo sekunde moja kabla ya ukuta na kurudia mpaka apite. Mhakiki anayecheza hivyo hana budi kukiri kwamba anahukumu kitendawili ambacho mji wake umefutwa. Mengi atakayoyaona kuwa ya haki yalikuwa ghali kwa waliotangulia.

Katika mazingira ambamo chaji ya simu hununuliwa na zamu katika kibanda cha michezo huhesabiwa, tundu la sarafu limerudi kwa umbo jingine. Hapo ugumu wa hila ni kodi anayotozwa asiye na kitu.

Nile Magharibi pia imelea mbunifu aliyelijua jambo hili kwa mwili wake. Lual Mayen, aliyezaliwa wakati familia yake ikikimbia vita vya Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka 3 ili kumnunulia kompyuta ya dola 300, naye alitembea saa kadhaa kwenda kuichaji. Mchezo wake, Salaam, unamweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayekimbia, na mwaka 2018 alitambuliwa katika The Game Awards. Mafuta ya Zaxxon ni kanuni tu. Chakula na maji katika Salaam ni maana. Hata hivyo michezo hii miwili inakubaliana juu ya jambo moja: kupungukiwa hakufai kuwa adhabu isiyoeleweka.

5. Kabla ya kumpima mtoto

Mwaka 1960 mtafiti William Hudson alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini. Watu walionyeshwa michoro yenye mwindaji, swala na tembo, wakaulizwa ni mnyama yupi aliye karibu zaidi na mwindaji. Waliomtaja tembo, aliyechorwa mdogo kwa nyuma, walihesabiwa kuwa hawaoni kina katika picha. Kwa miaka mingi matokeo hayo yalinukuliwa kana kwamba yanahusu macho ya Waafrika. Wakosoaji waliofuata walionyesha kwamba michoro yenyewe ilikuwa na dalili chache za kina, na kwamba mazoea ya kusoma picha za aina hiyo yalikuwa na uzito mkubwa.

Zaxxon inatoa ushahidi wa pembeni ambao haujatumika vya kutosha. Vijana wa Chicago na London, waliolelewa katikati ya picha, waliparamia ukuta uleule. Hakuna aliyesema kwamba hawana uwezo wa kuona kina. Ilisemwa kwamba mchezo ni mgumu. Kosa la mmoja lilihesabiwa kuwa sifa ya mchoro. Kosa la mwingine likahesabiwa kuwa upungufu wa akili yake.

Tofauti hiyo ya hukumu ndiyo inayopaswa kuwashughulisha washauri wa sera. Zana za kidijitali za kufundishia zinazopelekwa katika shule na makazi ya wakimbizi mara nyingi hubuniwa mbali, na kushindwa kwa mwanafunzi huandikwa kuwa alama yake. Mtoto wa Koboko anayegusa kisanduku kisicho sahihi huenda amesoma vema mchoro mbovu.

Upo upinzani unaostahili jibu: kwamba dawa ni kurahisisha kila kitu. Makala haya hayakubali. Mchezo usio na ukuta haufundishi kivuli. Kinachotakiwa ni ukuta wenye kivuli.

6. Hitimisho na mapendekezo

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, kila zana ya kidijitali ipimwe kwa kigezo cha kitendawili kabla ya kumpima mtoto: anayekosea aonyeshwe kosa lake, kisha aulizwe kama dalili ilikuwepo. Jibu la hapana liandikwe katika hesabu ya zana. Pili, gharama ya kosa ihesabiwe kwa umeme na muda wa mahali husika, si wa maabara ilikobuniwa. Tatu, maelezo ya kosa yatolewe katika lugha ambayo mwanafunzi anaweza kuhojiana nayo. Mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 unatumia lugha za wenyeji katika madarasa ya kwanza ya msingi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo utakuwa na uhai zaidi iwapo Kiswahili hakitabaki somo tu, bali kitakuwa pia lugha ya kueleza kwa nini chombo kimeanguka. Maneno yapo: kimo, kivuli, mshazari. Hayahitaji kuazimwa.

Zaxxon haikukusudiwa kuwa somo la haki. Hata hivyo mchezaji wake hujifunza kwamba macho yanaweza kuwa mazima na bado ukuta ukamgonga, na kwamba jambo la kwanza kuuliza ni kama kulikuwa na kivuli.